Asilimia Mbili

Januari. Shule yetu ipo Tanga, pembeni mwa mashamba ya katani.
Karatasi ya manila imebandikwa ukutani kwa uji wa jana,
maana gundi haimo kwenye bajeti.
Bi Mwanamkuu, mwalimu mkuu, anachora jedwali kwa rula:
Lengo. Shughuli. Mhusika. Muda. Kiashiria.
Kalamu inalia kila anapopiga mstari.

Mwaka jana, darasa la nne, hamsini na nane kwa mia.
Mwaka huu, anasema, themanini.
Tukapiga makofi.
Themanini ni namba yenye sura nzuri
hata ikiandikwa na mwenye mwandiko wa kuku.

Safu ya Mhusika tukaijaza "Walimu wote",
mara saba, toka juu hadi chini.
Kihiyo wa Sayansi akaguna:
"Chungu cha wote huungua,
kila mmoja adhani mwenzie kakoroga."
Hakuna aliyemjibu. Chai ilikuwa inapoa.

Darasa la nne ni langu. Watoto hamsini kamili,
yaani kila mtoto ni asilimia mbili.
Nikapiga hesabu pembeni mwa daftari:
themanini ni watoto arobaini.
Nikabaki na kumi mkononi
kama chenji iliyozidi,
sijui niirudishe kwa nani.

"Mwalimu mkuu, hao kumi ni kina nani?"
Nje trekta likapita na mzigo wa katani, tukalisubiri.
"Maana tukipanga arobaini wavuke,
na kumi tumeshawapanga.
Basi tuwaandike majina,
tuone kama kalamu itakubali."

Usiku nikafungua rejista.
Singano? Huchelewa kila siku, kweli,
lakini humbeba mdogo wake hadi kwa bibi kwanza,
ndipo aanze safari ya kuja kwangu.
Mwajabu? Husoma ukurasa mzima bila kukosea,
na kitabu kiko juu chini.
Hoza? Sokoni humrudishia mteja chenji kabla hajaidai,
ila ubaoni, ishirini na saba kujumlisha kumi na tano
huitazama kama barua ya polisi.
Nilifika herufi ya M nikaifunga rejista.

Asubuhi nikawagawia vipande vya karatasi:
andika unachotaka kukiweza kabla mahindi ya shule hayajakomaa.
"Nataka kufika kabla ya kuitwa majina."
"Nataka kusoma barua ya mama bila kumwita jirani."
"Nataka mwalimu asinicheke." Huyo hakuandika jina.
Mwandiko naujua.

Nikachora jedwali langu, bila rula.
Mhusika: Kihiyo, baiskeli yake, Jumatatu hadi Alhamisi,
hupita kwao Singano.
Mhusika: mimi, nusu saa na Hoza, maharage badala ya ubao.
Mhusika: mimi, kutocheka.

Mthibiti ubora alikuja mwezi wa sita,
waja leo waondoka leo,
akauliza kiashiria changu kiko wapi.
Nikamwonyesha Mwajabu, anasoma kurasa asizozijua,
polepole, anakwama, anarudi nyuma,
anakosea kama msomaji.
Akaandika kitu. Sikukiona.

Matokeo yalipotoka: thelathini na saba.
Sabini na nne kwa mia.
Singano kavuka. Mwajabu kavuka kwa alama moja,
akanipita uwanjani anakimbia, hata shikamoo akaisahau.
Hoza hakuvuka.
Nimehesabu na kuhesabu nusu saa zetu zile,
sijajua ni ipi niliyoipoteza.

Januari nyingine, manila nyingine, uji uleule.
"Lengo?" anauliza Bi Mwanamkuu, kalamu iko hewani.
Nampa karatasi yenye majina ya wanaorudia,
kumi na matatu.
"Hii si namba," anasema.
Anavaa miwani.
Anainama kwenye safu ya kwanza,
anaandika, herufi kubwa: HOZA.